Samadari ya bibi: mguu uliovunjika na mguu uliouvunja

Leo naandika kisa cha samadari moja, kile kitanda cha zamani, naandika kirefu maana kina vitu ambavyo karakana zetu tunavipita haraka. Mteja analeta mguu uliovunjika, fundi anapima, anakereza mwingine (mbao inazunguka kwenye mashine, patasi inaichonga), anachukua hela yake, afu baada ya muda mguu mwingine nao unakatika na hakuna anayejiuliza kwanini.

Mteja ni kijana wa Tanga, mtumishi, ofisi yao imehamia Dodoma na yeye alivohama akahama na kitanda cha bibi yake mzaa mama. Samadari haswa, ile ya juu, mvunguni yanaingia masanduku mawili na mtu mfupi anapanda kwa kigoda. Miguu yote minne ya kukerezwa, pete juu ya pete, halafu sehemu ya mraba ambako mifumbati (mbao ndefu za ubavuni) na vitakizo (mbao fupi za kichwani na miguuni) vinaingia kwa ulimi na tundu, na juu kabisa kikofia. Vitanda vya namna hii vingi vilikuja pwani kutoka India karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, na vingine vilitengenezwa hukuhuku kwa kufuata mtindo uleule. Hiki sikupata alama yoyote ya kuniambia kilitoka wapi kwaiyo hapo sibishani na mtu.

Alichokuja nacho karakana kwangu Dar ni mguu mmoja tu kwenye kiroba, vipande viwili. Umekatika shingoni, pale chini kidogo ya ule mraba, penye pete nyembamba kuliko zote. Akasema, "Fundi nitengenezee kama huu, na kama bei sio mbaya nitengenezee yote minne ifanane, hii imeshazeeka." Nikamwambia mguu wa mtiki haufi kwa uzee bwana, huu umeuliwa, nioneshe mwenzake. Akapiga simu nyumbani wakaturushia video ya kitanda kimeegeshwa kwenye matofali, na kwa video ile tu nikaona huu mguu hautengenezwi bila kitanda chote kuwepo. Hakufurahi, kukodi gari kutoka Dodoma sio mchezo, ila alikubali. Kitanda kikafunguliwa kikaletwa.

Nianze na mguu wenyewe uliovunjika. Ukiangalia pale ulipokatika haukukatika kama muwa, umechanika kwa mshazari mrefu, upande mmoja uko juu na mwingine chini. Hiyo inakwambia nyuzi za mbao hazikuwa zinaenda sambamba na mguu, zilikuwa zinatoka nje kwa pembeni. Kwenye sehemu nene haina shida, nyuzi zinazotoka ni chache na nyama ya mbao ipo ya kutosha. Shida ni pale fundi anapoingiza patasi kwenda chini kutengeneza shingo, kipenyo kinatoka 98 mm kinabaki 46 mm, na kama nyuzi ni mshazari basi ile shingo inabaki na nyuzi fupifupi zinazoanzia upande huu na kuishia upande ule bila kushuka mpaka chini. Ubebaji wa uzito wa wima inauweza. Kusukumwa pembeni haiuwezi. Fundi wa zamani aliyekereza mguu huu alikuwa hodari, pete zake nimezitamani, ila kwenye kuchagua kipande hapa alijiachia, na hata hivyo umekaa maisha ya watu watatu. Kwaiyo udhaifu ulikuwepo tangu siku ya kwanza, swali ni kitu gani kiliusukuma pembeni sasa hivi.

Jibu lilikuwa kwenye mguu ambao hamna mtu alikuwa anaulalamikia, ule wa miguuni (upande unaolaza miguu) upande wa ukutani. Kwa macho uko sawa na wenzake, rangi ileile ya kahawia nzito. Mi nina kawaida nikipata miguu ya zamani naipindua kwanza niangalie nyayo na vichwa kabla ya kitu kingine chochote, maana kwenye ncha ndo mashine inaacha alama zake. Miguu mitatu ilikuwa na kitundu kimoja cha mviringo chenye ncha ndani, kama alama ya msumari mnene, juu na chini vilevile. Hiyo maana yake kipande kilishikwa kati ya ncha mbili zisizozunguka na kikazungushwa kwa kamba iliyovirigishwa kwenye mbao yenyewe, iwe ya upinde au ya gurudumu analovuta msaidizi. Upinde wenyewe kwa ambao hamjauona, fundi anakaa chini, mkono mmoja unavuta upinde mbele nyuma, mwingine umeshika patasi, na kidole cha mguu kinaielekeza, mbao inazunguka mara huku mara kule na anakata ikiwa inamjia tu, ikirudi anaiachia. Watu wametengeneza pete za ajabu kwa namna hiyo wakati sisi na mota ya hosipawa mbili tunalalamika.

Mguu wa nne ulikuwa na kitundu upande mmoja, upande wa pili una alama ya msalaba, mikato minne midogo. Hiyo ni alama ya ncha yenye meno, ile inayokaa kwenye kichwa cha mashine na kuisukuma mbao izunguke nayo. Huu mguu umekerezwa kwenye mashine ya kisasa. Sio ndugu yao.

Nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Mbao haisinyai sawasawa pande zote, kufuata mzunguko wa duara za mwaka inasinyaa zaidi, kwa mtiki ni kama mara mbili ya inavosinyaa kutoka moyoni kwenda gandani. Kwaiyo kitu kilichokerezwa mviringo kamili miaka mia iliyopita leo kimekuwa yai kidogo, ukikipima pande mbili unapata namba mbili. Miguu mitatu ilinipa tofauti ya kati ya milimita moja na mbili kwenye sehemu nene, kitu cha kutarajia kabisa. Ule wa nne tofauti ilikuwa 5 mm! Na una ufa kutoka unyayoni unapanda mpaka kwenye tumbo la kwanza, ile sehemu iliyovimba, mtu aliujaza nta na vumbi la mbao akapaka rangi juu. Nikakwangua kidogo chini ya mraba pasipoonekana, ndani mbao nyeupe nyeupe ya manjano, mwembe huo. Na katikati ya unyayo unaona kabisa moyo wa mti, yaani walichukua gogo changa wakalikereza zima na moyo wake ndani, bila shaka likiwa bado bichi maana bichi linakatika kama siagi na fundi anafurahi. Ukiacha moyo ndani lazima upasuke, hiyo hata usibishane nayo, mzunguko unataka kusinyaa kuliko kipenyo kinavoruhusu, kwaiyo mti unajifungua wenyewe sehemu moja mpaka katikati.

Tukampigia mama yake kule Tanga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kitanda kimeharibika sana?" Nikamuuliza kama anakumbuka mguu wowote kubadilishwa. Kijana pembeni anatikisa kichwa, kwake yeye kitanda ni kilekile cha bibi hakijaguswa. Mama akacheka, "Ee, wa miguuni ule wa ukutani, uliliwa na mchwa, marehemu babu yake akaita fundi. Tena mfupi ule, siku zote tunauwekea kibao." Kijana akanyamaza.

Kibao. Nikarudi kwenye unyayo wa ule mguu na kweli, kuna matundu mawili ya msumari na alama ya mraba pamepauka. Palikuwa na kipande cha ubao kimepigiliwa chini kufidia urefu. Nikasimamisha miguu yote kwenye meza ya mashine ya randa, ule wa mwembe ulikuwa mfupi kwa 11 mm, sehemu fundi aliukereza mfupi na sehemu unyayo umebunguliwa ukawa unalika. Kibao kilidondoka kwenye lori wakati wa kuhama au wapagazi walikibandua, hakuna aliyejua kina kazi gani.

Sasa unganisha. Kitanda chenye miguu minne mmoja ukiwa mfupi, uzito hauhamii kwenye mitatu kwa usawa kama watu wanavofikiri. Unakaa kwenye miguu miwili iliyo jirani na ule mfupi, ile ya mshazari, na kitanda kinacheza juu ya miguu hiyo miwili. Mfupi uko miguuni ukutani, kwaiyo waliobeba mzigo ni mchagoni (upande wa kichwa) ukutani na miguuni upande wa mlango. Uliovunjika ni upi? Mchagoni ukutani. Na kila mtu akigeuka usiku kitanda kinayumba, shingo inasukumwa pembeni, nyuzi fupi zinafunguka kidogo kidogo. Ongeza na Dodoma yenyewe. Kitanda kimeishi pwani miaka yote kwenye hewa yenye unyevu, kikapelekwa kwenye ukame, mbao ikasinyaa, ndimi za mifumbati zikawa zinacheza kwenye matundu yake, kwaiyo hata ule msaada ambao mguu ulikuwa unaupata kutoka kwenye fremu haupo tena. Sakafu ya Tanga ilikuwa ya sementi iliyokwaruzika, Dodoma ni tailizi zinateleza. Kama ningekereza mguu mpya nikampa aondoke nao, ule wa miguuni upande wa mlango ndo ulikuwa unafuata, na nimeuangalia shingoni una kiufa cha kuanzia tayari, unene wa unywele.

Uamuzi ukawa hivi, na hapa kuna mafundi wenzangu hatukukubaliana. Mguu wa mwembe unatoka, unakerezwa mpya wa mtiki. Mguu uliovunjika haubadilishwi, unaungwa. Kile kiufa cha mguu wa upande wa mlango kinapewa gundi nyembamba kwa sindano na kufungwa kamba, basi. Jirani yangu wa karakana akasema unajitesa, kereza minne mipya siku moja umemaliza. Ni kweli siku moja ingetosha, ila mteja angekuwa na kitanda kipya chenye mifumbati ya zamani, na zile pete zilizokatwa kwa mkono zingeishia jikoni kuchemsha maharage. Mi kwenye samani za zamani naondoa kile tu ambacho hakiwezi kufanya kazi tena.

Kuunga. Ukiunganisha vile vipande vilivyochanika kama vilivyo kwa gundi inashika, lakini udhaifu wa nyuzi unaubakiza palepale. Ukipitisha bolti katikati, kama ninavoona watu wanafanya, chuma hakisinyai na mbao inasinyaa, mwisho mbao inapasuka kando ya bolti. Nilichofanya, juu na chini ya pete iliyovunjika kuna mifereji miwili yenye umbo la V, nikakata kwa msumeno mwembamba kwenye mfereji wa juu na wa chini, nikatoa pete nzima iliyoharibika, 28 mm. Badala yake nikakereza kipande kimoja chenye pete katikati na ndimi mbili za mviringo, moja inapanda moja inashuka, kila moja unene wa 22 mm na urefu wa inchi tatu. Maungio yakiwa ndani ya mfereji hayaonekani hata ukiambiwa yapo.

Kipande hicho sikukipasua kwa msumeno. Nilikipasua kwa kabari. Msumeno unapita popote unapoupeleka, kabari inafuata nyuzi yenyewe inakotaka, kwaiyo kipande kilichopasuliwa kina nyuzi zinazotoka ncha moja mpaka nyingine bila kukatika. Kama kuna sehemu moja ya kuiga kwenye kisa hiki iwe hii, hasa mnaotengeneza vipago vya viti.

Kutoboa nako kuna namna yake. Tundu lazima liwe kwenye mhimili uleule wa zamani la sivyo mguu unasimama kombo. Nikaweka keekee kwenye kichwa cha mashine, ndo inayozunguka, afu mguu haukuzunguka kabisa, unyayo wake nikauegemeza kwenye ncha ya mkia wa mashine (upande wa pili usio na mota), kwenye kilekile kitundu alichokitumia fundi wa kwanza, nikaushika kwa mkono huku nazungusha mkia kuusogeza taratibu kwenye keekee. Kipande cha juu vilevile kwa kitundu chake cha kichwani. Mhimili aliouweka yeye ndo umeniongoza mimi, sikupima kitu. Spidi ndogo tu, na mkono usivae glavu wala mkono wa shati usining'inie.

Mtiki una mafuta, gundi haiupendi. Futa ndimi na matundu kwa thina, subiri ikauke, gundisha hapohapo kabla mafuta hayajapanda tena. Nilitumia epoksi hapo shingoni kwasababu hamna mtu atakayetaka kuifungua, na kwenye ulimi nikachora kamfereji ka kutolea hewa, bila hivo unasukuma hewa imebanwa chini na gundi inarudi juu kwako. Ilivokauka, pete yangu ni mviringo na mguu ni yai, kwaiyo ilizidi pande mbili. Niliiacha iwe kubwa kidogo makusudi, nikaikwangua kwa patasi na kipande cha kioo mpaka ikalingana na yai la mzee.

Mguu mpya wa nne. Mtiki wa shamba upo, Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro, mbao nzuri, ila unaovunwa mwingi ni mchanga na duara zake ni pana, ukiuweka kati ya mitatu ya zamani unaonekana mgeni. Nilipata nguzo ya baraza kutoka nyumba iliyobomolewa, mtiki mkavu kabisa, na hapo ni lazima upitishe sumaku pande zote kwanza maana nguzo ya zamani ina misumari ya vizazi. Nilitoa minne. Mmoja ungekutana na patasi kwenye mzunguko mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Kupima nilitumia kigezo cha plaiwudi, ubao mwembamba umechorwa kila pete inapoanza na kuishia, na vipenyo vyake pembeni. Sikuchukua vipimo kwenye mguu mmoja tu. Ya mkono hiyo, hailingani, pete ya tatu kwenye mguu mmoja iko juu kwa 3 mm kuliko mwenzake, kikofia cha mmoja kimenenepa. Nikafuata zaidi ule wa miguuni upande wa mlango maana huo na huu mpya, hao wawili ndo watakaoonekana pamoja ukiingia chumbani.

Kwenye kukereza, kanuni niliyozoea ni kipenyo kwa inchi ukizidisha na mizunguko kwa dakika upate kati ya 6000 na 9000, kwaiyo inchi nne ni kama 1500 mpaka 2250, ila kipande cha mraba hakijakaa sawa unaanza chini, 600 hivi, mpaka kiwe mviringo. Sehemu inayosumbua ni pale mraba unapogeuka kuwa mviringo. Ukiingia na patasi ya kijiko moja kwa moja unang'oa kona za mraba, na kona iking'oka hairudi. Kwanza unakata mstari kwa ncha ya patasi ya mshazari, kidogo kidogo pande zote nne, nyuzi zikishakatika ndo unaleta kijiko kutoka upande wa mviringo. Halafu kwenye kila kipenyo muhimu unazamisha patasi nyembamba huku kalipa iko nyuma ya mbao, ikipita unaacha, milimita moja ya ziada, ndo unaanza kuchonga pete.

Na msasa, jamani. Pete za zamani zina kona kali kwasababu zilikatwa, hazikusuguliwa. Ukiweka msasa namba 80 ukaubana kwenye pete inayozunguka, kwa sekunde chache tu kona zote zimekuwa laini na mguu unafanana na wa dukani. Nilimaliza kwa patasi, kisha nikashika konzi ya maranda yake yenyewe nikaisugulia ikizunguka. Msasa mwembamba kidogo kwenye matumbo mapana tu. Mtiki mpya kukatwa ulikuwa wa dhahabu ukilinganisha na wenzake, polishi ya lakiri na spiriti mikono kadhaa yenye rangi kidogo ikausogeza karibu, mwanga wa dirishani utafanya kazi iliyobaki. Wale waliotaka nikwangue mitatu ya zamani ili ifanane na mpya niliwakatalia.

Mifumbati nikaongezea vipande vyembamba vya mtiki kwenye ndimi zilizolegea, hivyo kwa gundi ya moto ya ngozi ya mnyama maana kitanda kitafunguliwa tena siku moja na ile inalainika kwa maji moto. Kikafungwa karakana kwanza, nikakikalia kona moja moja. Hakikucheza.

Palipobaki ni hesabu. Kijana alilalamika, na namwelewa, kwamba kuunga mguu wa zamani nimemchaji zaidi ya mguu mpya. Nikamwambia mguu mpya mashine inafanya nusu ya kazi, wa zamani hapana. Akalipa kwa awamu mbili. Mguu wa mwembe niliupasua katikati kabla hajaondoka, ndani njia za wadudu mpaka usawa wa goti, akaupiga picha akamtumia mama yake, na kwa Dodoma nikampa masharti mawili: wakihamisha kitanda wakinyanyue wasikiburute, na ukifika ukame wakikisikia kinalia kwenye mifumbati wanipigie kabla ya kupigilia msumari.